Mapipa ya Ghorofa ya Tano

Kwa miaka minne Msabaha Ameir na meneja wake, Pradip, walifanya kazi chini ya paa moja pasipo hata mmoja kumwamkia mwenziwe. Asubuhi Pradip aliingia, akatoa amri zake, akapanda ofisini. Msabaha alizipokea, akazitimiza, akanyamaza. Wachukuzi wa Kiingereza waliwatazama wakadhani ndivyo walivyo watu wa Zanzibar. Hawakujua kwamba wawili hao walikuja London na uhasama wao, na baridi ya huko haikuupunguza hata kidogo.

Chanzo chake kilikuwa karafuu. Mwaka 1961 Msabaha alikuwa mkaguzi katika ghala moja la karafuu mjini Wete, Pemba. Kazi yake ilikuwa kutia mkono ndani ya gunia, kunusa, kisha kusema zimekauka au hazijakauka. Siku moja mfanyabiashara aliyeheshimika mji mzima alileta magunia arobaini. Msabaha alinusa la kwanza, la pili na la tatu, akatamka mbele ya watu kwamba karafuu hizo zimenyunyiziwa maji ziongezeke uzito. Magunia yote yalirudishwa. Mfanyabiashara yule alikuwa baba yake Pradip. Pradip mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na tatu, alikuwa amesimama kando ya mizani akiwasikia watu wakicheka.

Miaka mitatu baadaye yalikuja mapinduzi, kila mtu akaangukia kwake. Pradip na wazee wake walifikia London, mtaa wa Kingsbury, kwa jamaa zao. Msabaha aliondoka Pemba baadaye kidogo kwa kupitia Mombasa, yeye na mkewe Mwanamwema na binti yao Ummukulthum, wakapanga vyumba viwili Lewisham. Alitafuta kazi tangu mvua za masika ya kwao hadi theluji ya ugenini. Iliyompokea ilikuwa ni ile ambayo asingeichagua: mtunza mapipa katika ghala la pombe, Deptford.

Lilikuwa jengo la matofali la ghorofa tano, limeupa mgongo mkono wa maji unaoingia mto Thames. Humo zililazwa pombe zisizokwisha kulipiwa ushuru, na mlango wake ulikuwa na kufuli mbili, moja ya kampuni na moja ya forodha. Msabaha alikuwa Mwislamu wa vipindi vitano, na katika miaka yote ile hakutia tone mdomoni. Msikitini mtu mmoja alimkumbusha kwamba aliyelaaniwa si mnywaji peke yake, hata mbebaji yumo. Msabaha hakubisha. Alimuuliza tu kama anayo kazi nyingine ya kumpa, na yule mtu hakuwa nayo.

Alichokigundua mle ghalani ni kwamba pua yake bado ilikuwa hai. Aling'oa kizibo, akainama, akavuta hewa, na pipa likamwambia limelala wapi na limelala vipi. Wenye kampuni waliligundua hilo pia. Wakawa hawatii wiski kwenye chupa kabla Msabaha hajapita na chaki yake kutia alama mapipa yaliyofaa.

Mwaka 1972 mambo mawili yaliingia pamoja. La kwanza ni mapipa mia na themanini ya bourbon, wiski ya Kimarekani, ambayo ilikuwa ikae miaka minne kabla ya kuuzwa. La pili ni Pradip, amekuja kuwa meneja. Siku ya kwanza alipita mbele ya wafanyakazi akiwapa mkono mmoja mmoja. Alipofika kwa Msabaha mkono ukarudi mfukoni.

"Kumbe pua yako imefika hata huku," alisema kwa Kiswahili safi cha kwao, akaendelea na wa pili. Hakumwita mzee, ingawa Msabaha alimzidi miaka kumi na tatu.

Mapipa yaligawanywa sehemu tatu: sitini chini kabisa, sitini ghorofa ya tatu, sitini ghorofa ya tano chini ya vigae vya paa. Yote yalikuwa ya mbao za mwaloni zilizochomwa moto kwa ndani mpaka zikafanya makaa, na yote yalijazwa pombe ile ile. Lakini mwaka wa kwanza haukwisha kabla Msabaha hajaanza kuyatofautisha akiwa amefumba macho. Joto likija, pombe huvimba ikaingia ndani ya mbao. Baridi ikirudi, nayo hurudi, imechukua kilichomo mbaoni, rangi na utamu na uchungu. Chini kabisa, penye kuta nene na sakafu ya udongo inayotoa unyevu, joto halikufika. Pombe ya huko ililala kama mgonjwa, nyepesi, rangi ya majani makavu, na harufu yake ilikuwa ya tofaa na udongo uliolowa. Juu kabisa ilikwenda mbio, ikawa nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Ghorofa ya tatu ndiyo iliyokuwa nzuri, pombe yake ikipanda na kushuka kwa kiasi. Msabaha akinusa kule alisikia sukari guru, gome la mdalasini, na kitu kama ngozi ya kiatu kipya. Alikuwa akikaa huko zaidi ya kazi ilivyomtaka, na hilo hakumwambia mtu.

Mwezi Mei wa mwaka 1976 Pradip aliamuru madirisha yote ya ghorofa ya tano yapigwe misumari. Alisema wezi wameingia katika ghala la jirani kwa kupitia juu. Msabaha alipanda ofisini kwake, jambo alilolifanya kwa nadra, akamweleza kwamba madirisha yale ndiyo pumzi ya mapipa, na yakifungwa joto la paa halitakuwa na pa kutokea. Pradip aliendelea kuandika. Alipomaliza mstari wake alisema kwamba amri ilikwisha kutolewa. Aliyepiga misumari alikuwa Balwinder, fundi wa mapipa, Singasinga wa Kisumu ambaye baba yake alikuwa seremala wa reli.

Kisha likaja joto lile ambalo wakaazi wa London bado wanalizungumza. Juni, Julai na Agosti mvua haikunyesha. Nyasi za bustani zilikauka zikawa rangi ya jamvi, na vidudu vyekundu vyenye madoa vikajaa ukutani na kwenye nguo zilizoanikwa. Juu ya ghala mtu hakuweza kuweka kiganja chake kwenye pete za mapipa. Msabaha aliomba madirisha yafunguliwe mara ya pili, mbele ya wachukuzi, na Pradip akamjibu mbele yao hao hao kwamba aliyezoea Pemba asilalamike joto.

Mwisho wa Agosti mapipa yalipimwa. Kila moja liliingia na galoni arobaini. Ya chini yalipungua galoni tano, ya ghorofa ya tatu nane. Ya ghorofa ya tano yalipungua kumi na sita.

Pradip alimwita Msabaha ofisini akafunga mlango.

"Imekwenda wapi?"

"Imepaa. Uliyafungia pumzi mapipa, joto limeitoa mbaoni."

"Galoni kumi na sita kwa pipa, mapipa sitini. Hiyo haipai, Msabaha. Hiyo hubebwa."

"Mimi sinywi, na wewe unajua."

"Sikusema unakunywa. Nimesema imebebwa. Kuna baa ngapi kutoka hapa mpaka Lewisham?"

Pradip alisimama, na sauti yake ilishuka badala ya kupanda.

"Baba yangu ulimwita mwizi mbele ya mji mzima, na ushahidi wako ulikuwa pua. Mimi ninavyo vipimo."

Alimpokonya funguo. Akamwambia arudi kwake asikanyage ghalani hadi siku ya Jumatatu, afisa wa forodha atakapokuja.

Katika basi Msabaha alisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Hakuwa na shaka juu ya magunia yale. Yalikuwa yamelowa, na leo angeyarudisha vile vile. Lakini alikumbuka pia vicheko vya kando ya mizani, na alikumbuka kwamba hakuvizuia. Alikuwa mkaguzi mpya, na vilimpendeza.

Mwanamwema alikuwa akichambua mchele alipoingia saa ya mchana isiyokuwa yake. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Umeiba?"

"La."

"Basi usitembee umeinama. Maana ulivyoingia hapa umeingia kama aliyeiba."

Hakusema zaidi, lakini maneno ya wengine hayakukawia. Pradip alikuwa amemsimulia Firoz, mwenye duka la vyakula Ilford ambako Wazanzibari wengi walikwenda kununua unga wa muhogo na samaki wakavu, na neno likishafika kwa Firoz halihitaji gazeti. Ijumaa, msikitini, nafasi iliyo kuliani kwa Msabaha ilibaki tupu ingawa watu walikuwa wamebanana mlangoni. Mwizi angeliweza kusamehewa, na mfanyakazi wa pombe walikuwa wamemvumilia. Lakini Mwislamu anayeiba pombe na kuiuza aliwashinda. Ummukulthum alirudi kutoka skuli akauliza, kwa Kiingereza chake, kama ni kweli, na mama yake akamwambia aende akaoshe vyombo.

Jumatatu afisa wa forodha alifika na mkoba wake. Alikuwa Mwingereza mwembamba mwenye miwani, asiyecheka wala kukasirika, aliyemtazama kila mtu kama hesabu isiyolingana. Walipanda ghorofa ya tano watu wanne: afisa, Pradip, Msabaha, na Balwinder aliyechukuliwa kwa ajili ya kung'oa vizibo. Joto lilikuwa bado limejaa humo. Harufu ya pombe na mbao ilikuwa nzito hata afisa akatoa leso.

Pradip aliongea kwanza, kwa Kiingereza kilichonyooka. Alisema mtunza mapipa ndiye mwenye kufika huku kila siku bila ya kuulizwa, kwamba upotevu umezidi kipimo kinachojulikana, na kwamba kampuni haitamkingia mtu. Alipomaliza afisa alimgeukia Msabaha, akamuuliza kama ana la kusema.

Kiingereza cha Msabaha kilikuwa cha kazi tu, lakini siku ile kilimtosha. Alimwomba afisa apime kwanza mapipa yaliyo karibu na lifti, kisha yale ya katikati, kisha yale ya ukuta wa kusini unaopigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni. Balwinder aling'oa vizibo na afisa akatumbukiza ufito wake wa kupimia. Karibu na lifti zilipungua galoni kumi na moja. Katikati kumi na tano. Ukuta wa kusini ishirini na moja, na katika pipa moja la pembeni ishirini na tatu.

"Mwizi," alisema Msabaha, "huiba penye njia. Hawezi kuliacha pipa la mlangoni akaenda kuhangaika na la pembeni, nyuma ya mengine hamsini."

Msabaha akamwomba apime na ukali. Afisa alitoa kipimo chake cha kioo, chenye shingo ndefu, kile kinachoelea ndani ya pombe. Kikizama sana, pombe ni kali, na kikinyanyuka, ina maji mengi. Alikiweka katika pombe ya pipa la pembeni kikazama kuliko alivyotazamia. Alikifuta, akakiweka tena. Akaamuru iletwe pombe ya chini kabisa, na humo kikanyanyuka.

Hapo afisa alisema mwenyewe, polepole, kana kwamba anajisomea. Mwenye kuiba hutia maji ili kuficha, na maji yangeuteremsha ukali. Hapa ukali umepanda. Palipo kavu na moto maji ndiyo hutangulia kutoka mbaoni, pombe ikabaki nyuma. Palipo na unyevu mambo hugeuka. Mapipa haya hayakuibwa. Mapipa haya yameokwa.

Kisha akayatazama madirisha. Aliuliza yamefungwa tangu lini.

"Tangu zamani," alisema Pradip. "Tangu kabla sijaja."

"Tangu Mei," alisema Msabaha.

Afisa alikisogelea kichwa cha msumari akakikwaruza kwa ukucha, nacho kilikuwa kinang'aa, hakina kutu. Akamgeukia Balwinder.

Siku tatu nyuma Msabaha alikuwa amemwendea Balwinder nyumbani kwake kumwomba aseme ukweli, na Balwinder alimjibu akiwa amesimama kizingitini, hakumkaribisha ndani. Alisema, "Mzee, mimi ni fundi tu. Mambo ya ofisi sina mdomo nayo, na nina mtu wangu wa kulisha." Sasa alisimama na nyundo yake mkononi, jasho likimtiririka kutoka kwenye kilemba hadi ndevuni. Alimtazama Pradip. Pradip alimtazama yeye, na macho yake yalikuwa yakimwonya.

"Misumari ni yangu," alisema Balwinder. "Amri ilikuwa yake."

Afisa aliandika. Pradip alishuka ngazi peke yake, hakungoja lifti.

Msabaha alidhani yatakayofuata yatakuwa mepesi, na hapo alikosea. Wenye kampuni walimkaripia Pradip faraghani, wakamwacha kwenye kiti chake. Msabaha alirudishiwa funguo na karani bila ya neno. Mvua ilianza kunyesha wiki ile ile, misumari ikang'olewa, na watu wakarudi kwenye kazi zao kama waliotoka mazikoni mwa mtu wasiyemjua. Pale Ilford hakuna aliyekwenda kusema kwamba uongo ulikuwa uongo. Msikitini nafasi ya kuliani iliendelea kubaki tupu.

Katikati ya Septemba Pradip alimwita. Mnunuzi wa bourbon alikuwa anakuja Oktoba, na mapipa yalikuwa hayana mtu wa kuyachagua ila Msabaha. Ya juu yalikuwa machungu yanakausha ulimi, ya chini yalikuwa maji matupu, na Pradip hakujua kiasi gani cha hili kinahitaji kiasi gani cha lile. Aliyasema hayo akiitazama meza.

Msabaha alikuwa anajua. Ya ghorofa ya tatu yatiwe chupani peke yake, yasiguswe. Yaliyobaki, pipa moja la juu lichanganywe na manne ya chini, na ya ukuta wa kusini yatupwe kabisa. Yote hayo alikuwa nayo kichwani, lakini hakuyatoa.

"Njoo nyumbani kwangu," alisema. "Mwambie mke wangu kwamba sikuiba. Ukishasema nitapita na chaki."

Pradip alikasirika, akasema yeye ni meneja, si mtoto wa kupelekwa kwa watu kuomba radhi. Msabaha alirudi kazini. Siku nne zikapita. Jumapili, baada ya adhuhuri, gari la Pradip lilisimama Lewisham mbele ya nyumba.

Aliketi kwenye ncha ya kiti na koti lake mwilini. Mwanamwema alimletea kahawa kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini yeye hakuketi. Alisimama mlangoni mwa jiko ameikunja mikono. Pradip alisema maneno yake akilitazama zulia. Alisema kulikuwa na makosa ya vipimo, na kwamba Msabaha hakuiba.

"Hilo nnalijua," alisema Mwanamwema. "Mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na sita. Hukuja kunambia kitu. Nenda Ilford kawaambie uliowaambia."

Pradip aliinua uso akamtazama Msabaha, kama anayetaka amnyamazishe mkewe. Msabaha alikuwa anatazama kahawa ikipoa. Aliona kwamba maneno ya mkewe ndiyo aliyopaswa kuyasema yeye siku nne zilizopita, na akaona haya.

"Umesikia," alisema.

Pradip aliinuka. Akiwa mlangoni aligeuka. Alisema baba yake alikufa Kingsbury akiwa anaulizia magunia yale, kwamba mchana mmoja wa Wete ulimlia uzee wake wote, na hakuna aliyekwenda popote kuwaambia watu waache kucheka. Msabaha alikuwa na jibu la magunia. La vicheko hakuwa nalo. Gari liliondoka, na halikuelekea Ilford, si siku ile wala nyingine.

Jumatatu Msabaha aliziweka funguo juu ya meza ya karani akasema hatarudi. Karani alimuuliza nani atachagua mapipa, naye akamwambia amuulize meneja. Wiki mbili baadaye alipata kazi hospitali ya Lewisham, upande wa kufulia mashuka, kazi yenye mvuke na harufu ya dawa ambayo jioni ilimwacha hasikii hata kitunguu. Mwanamwema alifurahi, akalisema hilo kwa kupika biriani siku isiyokuwa sikukuu. Msikitini watu walianza kumsogelea tena kidogo kidogo, kwa sababu ya kazi mpya, si kwa sababu ya ukweli, na yeye aliijua tofauti.

Mwezi Novemba alikutana na Balwinder sokoni, akinunua koliflawa. Waliamkiana kwa shida. Balwinder alimweleza kwamba Pradip hakuchagua kitu. Mnunuzi alipokaribia aliamuru mapipa yote mia na themanini yamiminwe katika tangi moja, ya chini, ya katikati na ya juu, pamoja na yale ya ukuta wa kusini, akidhani mazuri yataficha mabaya. Mnunuzi alionja mara moja, akatema, akavaa kofia yake. Pradip alifukuzwa siku ya tatu. Balwinder alisimulia akitabasamu, kama anayemletea mtu zawadi.

Msabaha alimshukuru, akachukua mfuko wake wa viazi akaondoka. Alikuwa anangoja furaha imjie, na njiani aliitafuta. Kilichomjia badala yake kilikuwa yale mapipa sitini ya ghorofa ya tatu, yaliyovuta na kutoa pumzi miaka minne polepole, baridi kwa joto, mpaka yakawa vile yalivyokuwa, kisha yakamwagwa katika uchungu mchana mmoja. Yalimuuma kifuani. Alijua angeweza kuyaokoa kwa kipande cha chaki. Alijua pia kwamba hakuna mtu duniani wa kumwambia hilo, mtu mzima, Mwislamu, analilia pombe ambayo hata hajui ladha yake.

Mwanamwema alimfungulia mlango akamtazama usoni, akauliza kumetokea nini huko sokoni. Alimwambia viazi vimepanda bei. Kisha akaenda kutia udhu, maana alasiri ilikuwa imeingia.